Feni ya Asubuhi

Miongoni mwa mambo yampotezayo binadamu, dalili njema iliyofika wakati usio wake haina budi kuhesabiwa. Dalili mbaya huogopwa, na kwa kuwa huogopwa huchunguzwa. Lakini dalili njema hupokewa kwa mikono miwili, wala haiulizwi imetoka wapi na imekuja kufanya nini. Habari ya motokaa moja kuukuu ya Nduguti ni ushahidi wa neno hili. Ni habari ya chuma, maji na waya. Lakini ndani yake mna fikira za watu, na fikira hizo, wala si chuma, ndizo zilizochelewesha kujulikana kwa ugonjwa wake muda wa miaka miwili.

Nduguti ni mji mdogo katika nchi ya juu ya mkoa wa Singida. Tangu Wilaya ya Mkalama ilipotengwa na Iramba mwaka 2012, mji huo umekuwa makao makuu ya wilaya. Umepata ofisi, maduka na wageni wa kikazi, lakini haukuacha kuwa mji wa wakulima na wafugaji. Ajaye kutoka Singida mjini hushika barabara kuu iendayo Nzega, akaiacha kwenye mji wa Iguguno, kisha akaelekea kaskazini kati ya mashamba ya alizeti, uwele, mtama na vitunguu. Magari ya huko ni malori ya mazao, magari ya abiria, na pikipiki zisizo idadi. Motokaa ya mbio, fupi kwa kimo na ndefu kwa pua, ni kitu ambacho watoto huacha mchezo wao wakakikimbilia.

Motokaa yenyewe ni Toyota Celica ya miaka ya 1990, yenye milango miwili na rangi nyekundu iliyofifishwa na jua. Jina la Celica si geni katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya baadaye Celica iliyashinda mara nyingi. Björn Waldegård alishinda nayo mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, na Waldegård tena mwaka 1986 na mwaka 1990. Mwaka 1993 Celica nne zilishika nafasi nne za mbele, Kankkunen akiwa wa kwanza. Na mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Mwenye motokaa ya Nduguti alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi katika miaka hiyo, akizisikiliza habari hizo katika redio ya betri. Alipostaafu alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua Celica iliyokwisha kutumika Japani. Watu wakasema kuwa mzee amerudi utotoni. Yeye hakuwajibu, akaendelea kuiosha kila Jumamosi.

Lakini motokaa ile haikuwa mchezo. Mke wa Mwalimu alikuwa na presha ya macho, maradhi yaibayo nuru kimya kimya bila ya maumivu; na nuru iliyokwisha kupotea kwa maradhi hayo hairudi. Ilimpasa kufika kliniki ya macho mjini Singida kila baada ya muda uliowekwa, ili presha ipimwe na dawa ya matone iangaliwe. Basi la alfajiri lilikuwapo, lakini lilijaa, nalo lilimtaka mama yule kusimama gizani kando ya njia, mahali ambapo macho yake hayakuona tena ukingo wa mtaro. Kwa hiyo Mwalimu alimpeleka mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya Celica uzeeni mwake, nayo ilikuwa kazi ya heshima kuliko mashindano.

Ubaya ulianza pale mshale wa joto kwenye dashibodi ulipojifunza tabia ya kupanda. Njiani, motokaa ikienda mbio, mshale ulitulia. Ilipoingia mjini na kufuata mikokoteni na bajaji polepole, au iliposimama kwenye stendi na injini ikiwaka, mshale ulipanda hadi karibu na mstari mwekundu. Mwalimu alizima injini mara moja, akafungua boneti, akangoja nusu saa. Siku moja maji yalitokota wakiwa bado mlangoni mwa mji. Kliniki ikafungwa kabla hawajafika. Mama hakulalamika. Alisema tu kwamba wiki ijayo atapanda basi. Neno hilo lilimwuma Mwalimu kuliko lawama.

Ili hofu ya Mwalimu ieleweke, yafaa kukumbuka hali ya injini. Injini ya petroli ni tanuri kabla ya kuwa mashine. Kwa kadiri ya kukisia, theluthi ya nguvu iliyomo katika mafuta hugeuka kuwa mwendo, theluthi hutoka pamoja na moshi, na theluthi iliyobaki huingia katika vyuma na kuchukuliwa na maji. Maji hayo huzungushwa na pampu, yakapita ndani ya rejeta, na hapo upepo huyanyang'anya joto. Katika injini ya Celica ile, mwili ni wa chuma cha kusubu na kichwa ni cha aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Basi injini ikipita kiasi, kichwa hupinda, gasketi huungua, na maji huingia mahali pa mafuta. Matengenezo ya namna hiyo huweza kuipita thamani ya motokaa yenyewe. Tena katika nchi ya juu maji huchemka mapema: kwenye mwinuko wa mita 1,500 hutokota yakifika nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama pwani. Kifuniko cha rejeta chenye springi huyabana maji hayo ili yasitokote upesi, lakini hakiwezi kufanya kazi ya upepo.

Na upepo una vyanzo viwili. Motokaa iendapo kasi, upepo wa njia hupita wenyewe ndani ya rejeta, hata feni ikiwa imekufa. Isimamapo, au ijikokotapo nyuma ya lori, upepo huo hukoma, na moto haukomi. Hapo ndipo feni hutakiwa. Kwa hiyo mtu aonaye injini yake ikichemka katika kasi na kupoa katika utulivu na atazame maji, pampu na rejeta. Lakini aonaye ikipoa katika kasi na kuchemka katika utulivu, na aanze kwa feni. Swali hilo moja, kwamba joto huja wakati gani, lina thamani kubwa kuliko sanduku zima la spana.

Mafundi walioiangalia Celica hawakuwa wajinga, wala swali hilo halikuwa geni kwao. Kila mmoja alianza kwa feni. Motokaa ililetwa gereji asubuhi, injini ikiwa baridi. Ufunguo ukazungushwa, boneti ikafunguliwa, na feni ikaonekana ikizunguka kwa nguvu. Fundi akasema, “Feni ni nzima,” akaendelea mbele. Na baada ya kuiachilia feni ilimpasa kumtafuta mkosaji mwingine.

Fundi wa kwanza alimkamata thamostati. Akaing'oa na kuitupa, akisema kwamba magari ya nchi za joto hayaihitaji. Maneno hayo husemwa katika gereji nyingi, nayo si ya kweli. Thamostati hubaki imefungwa mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, ili injini ipate joto la kazi upesi. Ikiondolewa, injini hufanya kazi muda mrefu ikiwa baridi, hula mafuta mengi, na huchakaa. Asubuhi za Juni na Julai katika nchi ya Singida si za joto hata kidogo. Fundi wa pili aliifungua rejeta, akakuta vumbi, mabawa ya wadudu na makapi ya alizeti yamejaa kati ya mapezi yake, akayaosha. Hiyo ilikuwa kazi njema, na motokaa ilishukuru kidogo, lakini mshale haukuacha tabia yake. Wa tatu alibadili pampu ya maji. Wa nne alibadili kifuniko cha rejeta. Mwalimu alilipa mara nne, na kila mara aliandika katika daftari: tarehe, jina la kifaa na bei, kwa mwandiko ule ule aliotumia kuandika mahudhurio ya wanafunzi.

Hata nyumbani feni ilikuwa faraja yake. Kila asubuhi alipowasha motokaa aliisikia ikivuma, akamwambia mkewe, “Leo feni inakwenda vizuri.” Na ilikwenda vizuri kweli. Motokaa ilipochemka mjini naye akaizima kwa haraka, feni ilinyamaza pamoja na injini, na hakuna mtu wa kuishangaa feni iliyonyamaza katika motokaa iliyozimwa. Hivyo dalili njema ikasikika kila siku, na dalili mbaya ikafichwa na tahadhari yenyewe.

Mwisho Mwalimu alichoka. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakipita Nduguti, naye akapatana na mmoja wao kwamba Jumamosi Celica itapimwa kwa kilo. Siku mbili kabla, asubuhi, aliipeleka kwa fundi wa pikipiki afanyiaye kazi chini ya mti karibu na sokoni, amfungulie redio na betri, kwa kuwa vitu hivyo vingeuzwa mbali.

Fundi huyo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Darasani alikuwa mtoto wa kukawia. Wenzake walipoinua mikono, yeye alikuwa bado anatazama ubao. Alipoulizwa alinyamaza, na alipojibu wengine walikuwa wamekwisha kwenda kwenye hesabu ya pili. Mwalimu aliandika katika ripoti yake neno moja, “Mzito.” Mtoto hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akaenda kujifunza ufundi. Neno lile halikuandikwa kwa chuki. Liliandikwa na mtu mwenye watoto wengi mbele yake na saa fupi mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nifungulie redio na betri. Jumamosi motokaa hii inakwenda kwenye mizani.”

Kijana aliitazama Celica, asishike spana. “Imekosa nini, Mwalimu?”

“Inachemka.”

“Inachemka ikienda, au ikisimama?”

“Ikisimama. Lakini usijisumbue, mafundi wanne wameitazama. Feni ni nzima, nitakuonyesha.” Akazungusha ufunguo. Injini ikawaka, na feni ikaanza kuvuma. “Unaona?”

Kijana hakujibu. Alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza darasani, hata Mwalimu akahisi ule uchovu wa zamani wa kungojea jibu. Kisha akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha hapo.

“Rejeta ni baridi, Mwalimu. Sasa feni inapoza nini?”

Katika miaka miwili hakuna aliyeuliza swali hilo. Watu wote waliuliza kama feni inazunguka; hakuna aliyeuliza kwa nini inazunguka. Feni ya umeme katika motokaa ya namna ile haikuumbwa kuvuma tangu ufunguo uzungushwapo. Huamshwa na swichi ya joto iliyozamishwa katika maji, nayo yapasa kulala mpaka maji yafike nyuzi 93 hivi, ikaamka, ikayapoza, ikalala tena yanaposhuka hadi karibu nyuzi 83. Feni ivumayo katika injini baridi haina budi kuwa na kisa.

“Tusiizime,” alisema kijana. “Tungoje ipate moto.”

Wakangoja. Kwa kuwa thamostati haikuwamo, joto lilikuja polepole. Mshale ulipita katikati. Kisha, bila ya mtu kugusa kitu chochote, feni ikazimika, na mshale ukaendelea kupanda. Mwalimu alipeleka mkono kwenye ufunguo. Kijana akamwomba asubiri kidogo tu, awe na hakika, halafu akasema, “Sasa zima.” Mambo yalikuwa wazi mbele yao, wala hayakuwa na maana bado: feni ilifanya kazi isipohitajiwa, na ilipohitajiwa ilikoma.

Injini ilipopoa, kijana alizungusha ufunguo bila ya kuwasha. Feni ikavuma. Akachomoa plagi ya swichi ya joto. Feni ikanyamaza. Akairudisha, ikavuma. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha akateremsha maji katika beseni, akaifungua swichi yenyewe, akaitia katika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa la mama lishe wa jirani. Akaiunganisha na taa ndogo na betri ya pikipiki. Katika maji baridi taa iliwaka. Maji yalipokaribia kutokota, taa ikazimika. Yalipopoa kidogo, ikawaka tena.

“Basi swichi ni mbovu,” alisema Mwalimu. “Inawasha palipo baridi na kuzima palipo moto. Tununue nyingine.”

Hapo kijana alikawia tena. “Kitu kibovu hakina utaratibu, Mwalimu. Hiki kina utaratibu. Nimekijaribu mara tatu, nacho kimekata karibu mahali pale pale. Mimi naona swichi inatii amri yake. Labda sisi ndio hatuijui amri yenyewe.”

Kisha akatoa mfano wa kazi yake ya kila siku. Katika pikipiki nyingi ndogo, waya wa kuzima injini hauzimi kwa kukatwa. Huzima kwa kuunganishwa na mwili wa chuma. Ukikatika njiani, injini haizimiki kwa ufunguo. Mtu asiyejua hudhani kwamba kuunga siku zote ni kuwasha, na kukata siku zote ni kuzima. Lakini kuunga huweza kuwa ni kuzuia, na kukata kukawa ni kuachilia. Ikiwa swichi ya Celica huunga palipo baridi, basi yawezekana kwamba kuunga kwake ni kuizuia feni. Na hapo kosa halimo katika swichi, bali katika kifaa kinachoipokea amri na kuifasiri kinyume.

Kifaa hicho ni rilei, kijisanduku kidogo chenye koili ya sumaku ndani yake, kikaacho kati ya swichi na feni. Rilei za kawaida huwa wazi zikiwa zimelala: koili ikipata umeme, sumaku huvuta na njia hufunga, na umeme mkubwa hupita. Lakini ziko rilei za namna ya pili, ambazo njia yake imefunga tangu mwanzo: koili ikipata umeme, njia hukatika. Kwa sura huweza kufanana kama pacha. Kijana aliing'oa rilei ya feni, akaigeuza. Ubavuni palikuwa na mchoro mdogo wa mistari, na mstari wa njia ulionyeshwa ukiwa wazi. Na mguu wake mmoja ulikuwa umepigwa tupa kidogo, ili uingie mahali ambapo haukukusudiwa kuingia.

“Mwalimu, rilei hii iliwahi kubadilishwa?”

Mwalimu alitaka kusema hapana. Kisha akakumbuka daftari. Akalifungua, akapita matengenezo manne aliyoyajua kwa moyo, akarudi ukurasa mmoja nyuma, mahali asipopatazama kwa kuwa palikuwa kabla ya taabu kuanza. Pale aliona kwa mwandiko wake mwenyewe: “Rilei ya feni, mpya.” Tarehe ilikuwa wiki mbili kabla ya siku ile ya kwanza mshale ulipopanda.

Basi kisa chote kilikuwa hicho. Rilei ya asili ilikuwa imechakaa, na fundi mmoja mbali na Nduguti akaweka nyingine ya sura ile ile. Aliijaribu asubuhi, feni ikavuma, akaridhika. Tangu siku hiyo feni iliishi maisha ya kinyume. Pampu, rejeta, kifuniko na thamostati zilishitakiwa kwa kosa ambalo halikuwa lao; na thamostati, iliyohukumiwa kwanza, ilizidisha upotevu kwa kutokuwapo kwake, kwani injini ilikaa baridi muda mrefu zaidi na feni ikavuma muda mrefu zaidi, ikiwapa watu faraja ndefu zaidi.

Mpango wa asili wa Celica wastahili kusifiwa, kwa kuwa una busara inayopita ufundi. Yeye aliyeubuni alijua kwamba waya hukatika, plagi huingia kutu, na swichi huzeeka. Angaliweza kuamuru kwamba feni izunguke pale tu swichi inapoleta umeme. Lakini hapo waya ungalipokatika feni ingalikufa, na injini ingaliungua bila ya mtu kujua. Kwa hiyo aliigeuza amri. Katika ubaridi swichi huiambia rilei, “Zuia.” Katika joto huacha kusema. Na waya ukikatika, swichi huacha kusema vilevile, na feni huzunguka. Hasara yake ni umeme kidogo na kelele. Faida yake ni injini nzima. Alichagua kwamba uharibifu utakapokuja uje na upepo, usije na moto. Hiyo ni hekima ya mtu asiyetumaini kwamba kazi yake itabaki mpya milele. Mtu aliyeipokea kazi hiyo bila ya kuifahamu alibadili kijisanduku kimoja tu, na hekima yote ikageuka hatari.

Laiti watu wote wangaliuliza swali la kiganja juu ya rejeta! Lakini haifai kuwahukumu mafundi wale kwa ukali. Waliona jambo walilotaka kuliona, nalo lilikuwapo kweli. Yeye asemaye kwamba feni inazunguka hasemi uwongo. Kosa lao lilikuwa kuupima uzima wa kitu kwa kuwapo kwake, bila ya kuupima kwa wakati wake. Msomi naye huingia katika kosa hilo. Hupata ushahidi unaoafiki rai yake, akaufurahia, asiulize kama ungalipatikana vilevile hata rai yake ingekuwa batili. Na mwalimu huingia katika kosa hilo darasani: husikia jibu la haraka likivuma katika asubuhi ya somo, wakati maji bado ni baridi, akaandika “Hodari”, na ukimya wa yule anayefikiri akauandikia neno jingine.

Kama Mwalimu wa Nduguti aliyawaza hayo, hakuyasema. Alilifunga daftari, akaketi juu ya tairi lililolazwa chini ya mti, akamtazama kijana akiirudisha swichi mahali pake na kufuta mikono. Baada ya muda akasema, “Ulikuwa unakaa dawati la nyuma, upande wa dirisha.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Nilikuwa sikungoji.”

Kijana akacheka kidogo, akasema kwamba watoto walikuwa wengi. Jibu hilo lilikuwa la adabu, nalo lilikuwa la kweli. Lakini Mwalimu hakulipokea lote. Kesho yake alimtuma mtu kumwambia mnunuzi wa vyuma kwamba biashara imevunjika.

Rilei ya namna iliyotakiwa ilipatikana Singida kwa muuza vipuri vilivyotumika, imetolewa katika Toyota nyingine kuukuu. Bei yake haikupita bei ya kuku wawili. Thamostati mpya ilinunuliwa pia, na rejeta ikajazwa maji yaliyochanganywa na dawa yake, na hewa ikatolewa katika mipira. Kabla ya kufunga boneti kijana alifanya jaribio la mwisho: ufunguo ukazungushwa, feni ikanyamaza, plagi ya swichi ikachomolewa, feni ikavuma, plagi ikarudishwa, feni ikanyamaza tena. Alimtaka Mwalimu afanye mwenyewe kwa mkono wake, naye akafanya. Katika daftari Mwalimu aliandika tarehe, kifaa na bei, na chini yake, mahali ambapo hajawahi kuandika kitu, akaandika jina la fundi.

Siku ya kliniki ilipofika waliondoka mapema. Motokaa ilipowashwa haikusikika sauti yoyote mbele isipokuwa ya injini. Mwalimu alijua sababu, hata hivyo moyo wake ulishtuka. Masikio yaliyozoea faraja ya uwongo hayakuzoea bado ukimya wa kweli. Mkewe naye aliutambua ukimya huo.

“Feni haiendi leo?”

“Bado,” alijibu Mwalimu. “Wakati wake haujafika.”

Walipita Iguguno, wakashika lami, mshale ukatulia mahali pake. Mjini Singida walikuta lori limeziba njia karibu na stendi, na magari yamesimama katika jua la saa nne. Injini iliwaka, motokaa haikusogea. Mshale ulianza kupanda polepole. Mwalimu aliuweka mkono karibu na ufunguo, akauangalia mshale ukipita katikati, akazuia pumzi. Kisha mbele yao kitu kikavuma, chini na kwa nguvu, na mshale ukasimama. Baada ya kitambo ukashuka, na ule uvumi ukakoma. Lori lilipoondolewa, feni ilikuwa imelala na kuamka mara tatu. Mama, ambaye macho yake hayakuuona mshale, alikuwa akihesabu kwa masikio.

Walifika kliniki kabla ya saa tano, na mlango ulikuwa wazi.